Kuvuka Pentland Firth kwa tanga: mwongozo wa safari ya kwanza

Kati ya ncha ya kaskazini ya bara la Uskoti na visiwa vya Orkney pana mlango wa bahari uitwao Pentland Firth. Magharibi yake ni Atlantiki, mashariki ni Bahari ya Kaskazini. Maji hujaa upande wa Atlantiki takribani saa mbili kabla ya kujaa upande wa pili, hivyo bahari inakuwa na mteremko, na maji yote yale hupita kwenye mlango huo mwembamba yakikimbilia kulikopungua. Baada ya saa sita na ushei hugeuka yakarudi yalikotoka. Siku za bamvua kubwa, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mkondo hufika noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, na karibu na visiwa vya miamba vya Pentland Skerries imewahi kutajwa noti 16. Mashua ya matanga ya mita 10, ya aina ninayosafiria mimi, ikienda vizuri sana hupata noti 6.

Piga hesabu mwenyewe. Maji yakikupinga hufiki, hata ukiwa nahodha wa kusifiwa. Maji yakiwa yako, utapelekwa hata umelala. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hii hufanyika mezani, usiku uliotangulia, kwa penseli na jedwali la maji.

Nimekulia Unguja, ambako habari za mkondo wa Nungwi mtu huzisikia kabla hajajua kuogelea. Nilipohamia Aberdeen na kuanza kusafiri na wenyeji mwisho wa wiki, nilikuja na kiburi kidogo cha mtu wa pwani. Pentland ilinitoa kiburi hicho kwa dakika arobaini, nitaeleza mbele. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kuendesha mashua ya matanga, kusoma ramani ya bahari na kutumia redio, ila hajawahi kupita huku. Nitamchukua kutoka bandari ya Scrabster hadi bandari ya Wick, magharibi kwenda mashariki, kupitia Inner Sound, njia iliyo kati ya bara na kisiwa cha Stroma. Ni maili 30 hivi. Nimechagua uelekeo huo kwa sababu pepo nyingi za huku hutoka kusini-magharibi na magharibi, kwa hiyo upepo na mkondo wana nafasi nzuri ya kufuatana. Kurudi ni habari nyingine.

Wajue wenyeji wa mlango

Kabla ya kitu kingine, tandika ramani mezani uzungushie penseli sehemu tatu ambazo maji huchafuka vibaya.

Ya kwanza inaitwa Merry Men of Mey. Mkondo unapokwenda magharibi, maji hulipuka kuanzia St John's Point upande wa bara, na yakishika nguvu hukata mlango mzima hadi Tor Ness kwenye kisiwa cha Hoy. Chini pale kuna mgongo wa mchanga, na juu maji ya mkondo hukutana uso kwa uso na mawimbi ya Atlantiki. Sifa yake mbaya kuliko zote ni kwamba inajificha. Ule ukuta wa mawimbi huzuia mawimbi ya magharibi yasipite, kwa hiyo nyuma yake, upande wa mashariki, bahari inakuwa tulivu ajabu. Mtu anayetoka mashariki na mkondo wa magharibi huona maji laini, anakaa kunywa chai, mkondo unamchukua kwa noti nane, na akiinua macho ameshaingizwa.

Ya pili ni Swelkie, kwenye ncha ya kaskazini ya Stroma. Jina limetoka lugha ya kale ya Wanorse na maana yake ni kitu kinachomeza. Wazee wa huko walisimulia kwamba chini yake limelala jiwe la kusagia lililozama na chombo cha mfalme mmoja mwenye tamaa; maji yanazunguka kwa kupita kwenye tundu la jiwe, na chumvi iliyokuwa ikisagwa ndiyo iliyoifanya bahari kuwa ya chumvi. Swelkie hutokea mkondo ukienda huku na ukienda kule, ila ikihamia upande wa pili wa ncha. Sisi tutapita kusini mwa kisiwa, hivyo tutaiacha na jiwe lake.

Ya tatu iko Duncansby, pembe ya kaskazini-mashariki ya bara. Huanza pamoja na mkondo wa mashariki, na upepo wa kusini-mashariki ukivuma huwa mbaya sana. Hii hatuwezi kuikwepa kabisa, kwa kuwa lazima tuzunguke pembe hiyo.

Kwa nini upepo dhidi ya mkondo ni hatari kiasi hiki? Wimbi linalokutana na mkondo wa kulipinga hubanwa: urefu wake wa kulala hupungua, kimo chake huongezeka, hadi linakuwa limesimama wima na kuvunjika. Wimbi refu la mita mbili ambalo nje baharini lingekubembeleza, hapa linakuwa kama ukuta wa banda. Hata siku isiyo na upepo, mawimbi yaliyosafiri kutoka dhoruba ya mbali Atlantiki yanatosha.

Sitaki kutisha mtu, ila mifano miwili lazima itajwe. Tarehe 17 Machi 1969 mashua ya uokoaji ya Longhope ilitoka usiku wa tufani kuisaidia meli Irene, haikurudi. Watu wote wanane walikufa, miongoni mwao baba na wanawe wawili wa nyumba moja, na baba na wanawe wawili wa nyumba nyingine. Hao walikuwa wazaliwa wa mlango huu. Na tarehe 2 Januari 2015 meli ya saruji Cemfjord, ya mita 83, ilipinduka hapa hapa ikiwa imeingia na mkondo wa magharibi dhidi ya upepo mkali. Mabaharia wanane walipotea, na kitako cha meli kikaonwa na kivuko siku ya pili yake. Mita 83. Mashua yako ina ngapi?

Hatua ya 1: Chagua wiki kabla ya kuchagua siku

Nenda wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu. Hapa hakuna mjadala kwa safari ya kwanza. Maji mafu huja siku moja au mbili baada ya robo ya mwezi, na mkondo wake bado una nguvu, lakini machafuko yanakuwa ya kubebeka na ukikosea unasamehewa.

Anayetoka pwani ya kwetu ana faida moja. Mvuvi wa Unguja anajua bila kutazama kitabu kwamba bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na maji mafu hujaa kwenye saa nne. Bandari nyingi duniani zina tabia kama hiyo. Dover, ambayo ndiyo bandari inayotumika kupigia hesabu mikondo ya huku (ingawa iko pembe nyingine kabisa ya Uingereza, usiniulize zaidi), hujaa siku za maji mafu kati ya 05.00 na 06.00 hivi kwa saa ya Greenwich, asubuhi na jioni vivyo hivyo. Maana yake safari ya maji mafu kutoka Scrabster huangukia asubuhi ya kistaarabu. Si ajabu wenyeji wanaipenda.

Tenga siku nne au tano, siyo moja. Aliyekata tiketi ya treni ya kurudia kazini Jumatatu ameshafanya uamuzi wa kijinga kabla hajafungua kamba.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa, kwa karatasi

Utahitaji jedwali la maji la mwaka huo huo, na atlasi ya mikondo ya Orkney na Shetland inayotolewa na idara ya ramani za bahari ya Uingereza. Atlasi ina ukurasa kwa kila saa, kabla na baada ya maji kujaa Dover, na mishale ya kuonyesha mkondo unaelekea wapi na kwa nguvu gani. Tarakimu ninazotoa hapa ni za kukupa picha. Za kusafiria zitoe kwenye vitabu vyako.

Katika mlango mkubwa, mkondo wa kwenda mashariki huanza takribani saa tano baada ya maji kujaa Dover, na wa kwenda magharibi huanza takribani saa moja kabla ya kujaa. Katika Inner Sound ule wa mashariki huchelewa robo saa hivi. Lengo letu ni kufika mbele ya ncha ya Dunnet Head saa 3 na dakika 40 baada ya Dover kujaa, ili tufike Stroma wakati maji yanageuka na kuanza kwenda nasi.

Tuseme jedwali linasema Dover itajaa 05.30. Majedwali haya huchapishwa kwa saa ya Greenwich. Majira ya joto, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa ya Uingereza iko mbele kwa saa moja, hivyo andika 06.30. Ongeza 3.40: Dunnet Head ni 10.10. Kutoka Scrabster hadi Dunnet Head ni maili 6. Kwa noti 5 ni saa moja na dakika 12, hivyo kufungua kamba ni 08.58. Kutoka Dunnet Head hadi Stroma ni maili 8 hivi, saa moja na dakika 36, yaani 11.46. Mkondo wa Inner Sound unaanza kwenda mashariki 11.45. Hesabu ikikaa namna hiyo unajisikia umeshona nguo ikakutosha.

Sasa ile aibu yangu. Safari yangu ya pili kupita huku nilipewa mimi kazi ya hesabu. Mwenye mashua alikuwa na saa ya ukutani iliyowekwa Greenwich, simu zetu zilikuwa za saa ya kiangazi, na kichwa changu, kama kawaida yake, kilikuwa kinahesabu Kiswahili. Nilisoma jedwali, nikageuza kuwa saa yetu ili nielewe, nikageuza tena kuandika, na ile saa moja ya kiangazi ikaangukia njiani. Tukafika Dunnet Head saa nzima kabla ya wakati. Mkondo ulikuwa bado unakwenda magharibi. Injini inanguruma, maji yanapita ubavuni kwa kasi, povu nyuma, kila dalili ya safari, na ule mnara wa taa juu ya jabali haujasogea. Nilitazama GPS: kasi juu ya ardhi 0.3. Dakika arobaini tulikaa pale tukipigwa na mawimbi yasiyo na mpango, mwenye mashua hasemi kitu, ananitazama tu mara moja moja. Angenikaripia ningeshukuru.

Tangu hapo nina karatasi moja yenye safu moja ya saa, kwa saa ya kiangazi, mfumo wa saa 24, na juu yake nimeandika kwa wino mwekundu ni saa ya wapi. Hakuna anayeruhusiwa kutamka "saa nne" ndani ya mashua, mimi wa kwanza. Na mtu wa pili apige hesabu hiyo peke yake, bila kuona yangu, kisha tulinganishe.

Hatua ya 3: Soma hewa, na zaidi ya hewa soma mawimbi

Idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, hutoa utabiri wa maji ya karibu na pwani kwa maeneo. Letu linaitwa "Cape Wrath to Rattray Head including Orkney". Husikika pia kwenye redio ya VHF kutoka kwa walinzi wa pwani. Mipaka yangu kwa mgeni wa Pentland ni hii: upepo usizidi nguvu ya 4 kwa kipimo cha Beaufort, utoke kati ya kusini na magharibi, mawimbi ya mbali yasifike mita mbili, na macho yaone angalau maili tatu. Kimoja kikikosekana, kaa Scrabster. Pana samaki wazuri.

Upepo wa mashariki uukatae hata ukiwa dhaifu. Kwanza utapingana na mkondo unaokubeba. Pili, ghuba ya Wick imeelekea mashariki wazi kabisa, na upepo mkali kutoka huko hufunga mlango wa bandari kwa mawimbi. Utakuwa umetoka Pentland salama ukakosa pa kuingia. Tatu, upepo huo majira ya joto huleta ukungu mnene wa baharini ambao wenyeji wanauita haar. Huja kama pazia, na humo ndani kuna vivuko vya Orkney na meli za mafuta za Scapa Flow.

Hatua ya 4: Tayarisha injini na watu

Ingawa ni safari ya matanga, injini ndiyo bima yako, na adui wa injini huku ni uchafu wa tangi. Mashua iliyokaa bandarini miezi mingi ina tope chini ya dizeli. Bahari ikitulia tope hulala. Mashua ikianza kurushwa, tope huamka, huingia kwenye chujio, na injini huzimika pale pale unapoihitaji. Badilisha chujio kabla ya safari, uwe na mengine mawili, na uwe umeshawahi kulibadilisha kwa mikono yako ukiwa umefungwa bandarini, ili ujue spana ipi na skrubu ya kutolea hewa iko wapi. Kusoma maelekezo huku kichwa kiko chini ya ngazi na harufu ya dizeli puani ni njia ya haraka ya kutapika.

Punguza tanga kuu ukiwa bado bandarini. Kulikunjua baadaye ni rahisi, kulipunguza katikati ya machafuko mtu akiwa amesimama mlingotini ni kumtafutia mtu ajali. Funga madirisha na milango ya juu, kaza kila kitu cha ndani: sufuria, betri ya ziada, kreti ya vyakula. Nanga iwe gubetini, mbele ya mashua, tayari kushushwa, minyororo haijajisokota.

Maji ya hapa katikati ya kiangazi ni nyuzi 12 au 13. Aliyezoea bahari ya nyuzi 27 hawezi kukisia. Mtu akianguka, dakika ya kwanza pumzi humkimbia na huvuta maji badala ya hewa; baada ya dakika kumi hivi vidole vinakataa amri. Kwa hiyo kila mtu avae jaketi la kuokolea, lenye mkanda wa kati ya miguu, na ajifungie kamba ya usalama kwenye mashua kabla ya kutoka bandarini. Asiyetaka abaki nchi kavu, awe mgeni au mwenye mashua.

Chai ya tangawizi kwenye chupa mbili, mkate, ndizi. Hakuna atakayepika kati ya Dunnet na Duncansby. Anayejijua ana kichefuchefu ameze dawa usiku, asisubiri asubuhi.

Hatua ya 5: Safari yenyewe

Kabla ya kufungua kamba, waite walinzi wa pwani wa Shetland kwa VHF, chaneli 16. Watakuhamishia chaneli nyingine. Wape jina la mashua, idadi ya watu, unakotoka, unakokwenda, njia unayopita na saa unayotarajia kufika. Dakika mbili tu.

Ukitoka Scrabster utaiona Dunnet Head mbele yako kaskazini-mashariki, jabali la mawe mekundu lenye mnara wa taa juu tangu 1831. Hii ndiyo ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Uingereza. Njiani anza kuchunguza maboya ya madema ya kaa na kamba. Yana kazi mbili kwako. Ya kwanza, kamba zilizoyafunga hupenda kujizungusha kwenye rafadha ya injini, kwa hiyo mtu mmoja akae mbele akiyatazama. Ya pili, boya ni mwalimu wa mkondo kuliko chombo chochote cha betri. Tazama limeinamia wapi na mkia wa maji nyuma yake una urefu gani. Likiinamia magharibi na kuburuta mkia mrefu, hesabu yako ina kasoro. Punguza mwendo, usiikaribie ncha. Likisimama wima linazubaa, maji yanageuka, umefika kwa wakati.

Pita Dunnet Head ukiiacha mbali kidogo, kisha shika njia sambamba na pwani. Baada ya muda utaiona ngome ya Mey kulia kwako, ile aliyoinunua mama yake Malkia Elizabeth mwaka 1952. Ngome ikishakuwa ubavuni, jiandae kwa St John's Point: miamba ya Men of Mey iko mbele ya ncha hiyo, hivyo kaa nusu maili nje yake. Kwa saa tulizopanga, machafuko ya hapo yatakuwa yamelala. Utaona tu mabaka ya maji yanayotokota bila upepo, kama sufuria ya wali iliyoepuliwa sasa hivi.

Unapoingia Inner Sound, acha kuamini gubeti. Mashua inaweza kuelekea mashariki huku inasukumwa kaskazini kwenda Stroma, na dira haitakuambia. Tafuta vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja nchi kavu, kwa mfano pembe ya nyumba na kilele cha kilima nyuma yake. Vikiendelea kufunikana uko kwenye njia; cha nyuma kikianza kuchungulia upande mmoja, unasukumwa upande huo huo. Rekebisha usukani mpaka vifunikane tena. Mabaharia wa kwetu wanaingia bandarini kwa minazi na misikiti hivyo hivyo.

Kaa katikati ya njia. Ncha ya kusini ya Stroma ina mikondo ya kurudi inayozunguka kinyume na mkondo mkubwa, na mashua inayogusa mpaka wake huzungushwa ghafla, tanga likapigwa upande wa pili. Mtu wa usukani ashike kwa mikono miwili, na hakuna wa kukaa chini ya mti wa tanga. Ukipata nafasi tazama kisiwa: nyumba zimesimama safu nzima, lakini familia za mwisho ziliondoka 1962 na sasa wenye kisiwa ni kondoo. Chini ya mkuku wako, kwenye sakafu ya bahari, kuna mitambo minne ya umeme ya mradi wa MeyGen, iliyowekwa kuanzia 2016, inayozungushwa na mkondo huo huo unaokubeba. Usishushe nanga eneo hilo isipokuwa maisha yako hatarini.

Mkondo sasa utaanza kukuharakisha. GPS itasoma noti 7, 8, 9, na raha hiyo ndiyo hulevya watu. Maji haya yanapenda kukupeleka moja kwa moja kwenye Pentland Skerries, visiwa vya miamba vyenye mnara tangu 1794. Pita nusu maili kaskazini ya Ness of Duncansby, kisha zungusha kusini mapema, ukitumia injini hata kama upepo upo. Tarajia dakika kumi au kumi na tano za mawimbi mafupi yasiyo na adabu, yanayokuja kutoka pande tatu. Shika mwendo, usigeuke geuke. Ukiona nguzo za mawe zilizochongoka za Duncansby zikisimama peke yake mbele ya jabali, umetoka.

Wick ni maili 13 kusini, na mkondo bado uko nawe.

Mambo yakiharibika

Ukichelewa Dunnet Head kwa saa moja, bado unaweza kuendelea, ila ipe ncha nafasi kubwa na utegemee Duncansby kali zaidi. Ukichelewa saa tatu, rudi Scrabster. Mkondo unaweza kugeuka ukiwa bado ndani, na mkondo wa magharibi unakupeleka kwa Merry Men. Ukijikuta umenaswa Inner Sound na maji yanageuka, ghuba ya Gills iko kusini yako. Ingia, tia nanga pasipo njia ya vivuko, subiri saa sita. Injini ikizimika, tanga liwe tayari linabeba. Ndiyo maana tulilipandisha tangu bandarini. Na walinzi wa pwani waite mapema ukiwa bado na nafasi ya maili mbili, usisubiri mpaka mwamba unahesabika mawe yake.

Kuhusu kurudi

Kutoka Wick kwenda magharibi ni kugumu zaidi kwa sababu upepo wa kawaida wa huku unapingana na mkondo unaouhitaji. Inafanyika: mtu hufika Duncansby mkondo unapoanza tu kugeuka magharibi, hupita Inner Sound na kuiwahi St John's Point kabla Merry Men hawajaamka. Dirisha ni dogo. Ushauri wangu ni uifanye mara ya kwanza ukiwa na mtu aliyewahi kuifanya, siku isiyo na upepo wa magharibi wala mawimbi ya mbali. Mimi nimeifanya mara mbili na mara zote usukani haukuwa wangu.

Ukifika Wick

Waite wakuu wa bandari kwa redio kabla ya kuingia ghuba, waulize hali ya mawimbi mlangoni na pa kufunga. Ukishafunga, kabla ya kuvua jaketi, waite walinzi wa pwani wa Shetland uwaambie umefika. Ukisahau wataanza kukutafuta, na watu wa kujitolea watatolewa mezani kwao kwa ajili yako huku wewe unakula chipsi.

Kisha chukua ile karatasi ya saa. Pembeni ya kila saa uliyopanga andika saa uliyopita kweli: Dunnet, St John's, ncha ya Stroma, Duncansby, pamoja na upepo na jinsi maji yalivyokuwa. Iweke ndani ya atlasi ya mikondo, ukurasa wa saa tano baada ya Dover.